Baraka Uliyoikataa

Anselmi, mutoto wangu wa pekee na mukaidi wangu wa pekee,

Umeenda kuaga wenzako wa sala wa hapa mujini, kule mutaa wa Birere, ukaniachia taa, bugali chini ya sahani, na nyumba nzima ya kulinda. Nyumba yenyewe haina kitu cha kulinda zaidi ya sanduku lako lililofungwa kamba pale mulangoni, na mimi na hilo sanduku hatuna la kuambiana. Basi nimechukua kalamu yako, ile inayovuja, na karatasi zako za kolezhi. Ukiona daftari limepungua, usiseme ni panya.

Usitafute hapa habari za kufunga shingo juu ya baridi, wala za wezi wa kwenye treni, wala za kula vizuri. Hayo yote jirani yetu Mama Koleta amekuambia mara nyingi kuliko rozari yake. Mimi niko na neno moja tu, na litakula karatasi nyingi juu sijui kuandika kwa kifupi. Shuleni walinifundisha namna ya kuanza barua, kiisha wakanifukuza kabla ya kunionyesha namna ya kuimaliza.

Neno ni hili. Kesho asubuhi unapanda meli ya Bukavu, halafu lori, halafu meli ingine, halafu treni mpaka Katanga, kwenye iniversite, mahali ambapo hakuna hata mutu mumoja wa ukoo wetu aliyewahi kukanyaga. Na unataka kwenda bila baraka ya baba yako.

Unaijua ile baraka, lakini acha niiandike, juu kitu kikiandikwa watu hawakiiti tena ujinga wa wazee. Kwetu mutoto akienda mbali, baba anatia mudomoni maji mapya ya mutungi. Anayashika pale pale. Anasema moyoni maneno anayotaka kumusemea mutoto, kiisha anamupulizia yale maji kifuani na utosini. Maneno hayasikiki. Hiyo njo sharti yenyewe: baba hayasemi, si mbele, si nyuma, na mutoto haulizi. Babu yako alinifanyia hivyo nilipotoka Rutshuru kuja hapa Goma kuchonga mawe. Na mimi nilikufanyia wewe pale bandarini, siku ya kwanza ulipoenda kolezhi. Shati lako jeupe lilishikamana na kifua, ukapanda meli ukicheka na kujipangusa.

Safari hii mambo yalikuwa mengine. Jumapili iliyopita, ulipotoka misa, nilikuambia kwa furaha yangu yote kwamba siku ya safari nitaamka mapema nichote maji safi kabla ya kuku kuyachafua. Wewe ukaweka kikombe chini polepole.

"Papa, sitaweza."

"Hutaweza nini? Kulowa?"

"Ile ya maji. Nimeiombea sana. Sitaweza kuipokea."

"Mupadri akikurushia maji kwa kile kifagio chake unapiga magoti. Mimi nikikurushia unakimbia. Ni mudomo wangu unaonuka?"

Hukucheka. Hapo ningepaswa kujua kwamba mambo ni mazito, juu wewe hata kwenye matanga huwa ninakuchekesha.

"Papa, mupadri ninamusikia anachosema, na najua anamwita nani. Wewe mule moyoni unamwita nani?"

"Hiyo haiulizwi."

"Kama unaita mizimu ya wazee, mimi siwezi kusimama pale nimwagiwe tu kama mugomba."

"Haiulizwi, nimesema!"

Ukasema, "Basi unisamehe, Papa," ukatoka kwenda kuchota maji ya Mama Koleta. Mimi nikachukua nyundo, siku ya Mungu, nikapiga jiwe lisilo na kosa mpaka jirani wa nyuma akauliza kama ninajenga kanisa lingine.

Tangu pale tumeishi humu ndani kwa adabu. "Papa, umeamka?" "Nimeamka." "Papa, chumvi hii hapa." "Asante." Adabu ya namna ile kati ya baba na mutoto inaleta baridi kuliko upepo wa ziwa. Nilizoea uniambie kwamba ninakoroma kama lori la viazi linapanda milima ya Masisi. Sasa hata kukoroma hunisemi tena.

Usidhani ninamuonea wivu huyo Mungu wako. Ama tuseme ninamuonea kidogo, lakini sina vita naye. Nimeangalia imani yako ikikua, mwaka kwa mwaka, toka upande wa mutu asiyekuwa na imani, na mutu wa namna yangu anaona mambo ambayo mupadri haoni, juu hakuna anayejisafisha mbele yangu.

Likizo ya kwanza ulirudi na imani sawa kijana aliyepata viatu vipya: lazima kila mutu avione, na kumbe vinamubana. Ulinieleza habari za kundi lenu la wanafunzi, vile munakusanyika kila Alhamisi jioni katika chumba cha nyuma ya kanisa la kolezhi, watoto wa Butembo, wa Masisi, wa Bushi, mupadri akikaa kwenye kona na kuwaacha museme wenyewe. Mumoja anasoma Injili, kiisha kila mutu anataja neno moja lililomubakia. Nikasema ni muchezo muzuri. Ukakasirika kwamba nimeuita muchezo. Kesho yake ukachukua kibuyu changu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ukakimwaga nyuma ya choo kwa jina la wokovu. Sikukupiga. Nilisikitikia tu wadudu wa pale, juu hawakuzoea.

Mwaka wa pili ulirudi mutu mwingine. Rozari ilibaki ndani ya sanduku. Ulikuwa unakaa juu ya mawe kule pwani ya ziwa mpaka ubaridi ukuingie. Siku moja tulikuwa tunamenya maharagwe, ukasema bila kuniangalia, "Papa, ninaomba, na hakuna anayejibu."

Na mimi, baba yako, mutu wa maneno ya kuchekesha, nikakujibu: "Karibu nyumbani!"

Nikacheka. Ukaacha maharagwe, ukaenda kulala bila kula. Nilifikiri nimekukaribisha upande wangu. Sasa ninajua nilichofanya: ulikuja kugonga mulangoni kwangu na nikakujibu toka ndani kwamba hakuna mutu.

Wale wenzako walikuwa na akili kuliko mimi. Hukuniambia wewe, ni rafiki yako Kambale aliyeniambia. Alisema mwaka ule wote hawakukuhubiria hata siku moja. Kila Alhamisi waliweka kiti chako. Zamu yako ikifika walingoja. Wewe unasema, "Sina." Nao wanajibu, "Tumepokea," kiisha wanapita kwa mwingine. Alhamisi kwa Alhamisi. Sina. Tumepokea. Mpaka siku moja, anasema Kambale, zamu ikafika, ukataja neno. Nilimuuliza ni neno gani. Akacheka, akasema, "Muzee, hilo ni lake." Nikamupenda toka pale, ijapokuwa anakula sana.

Mwaka huu wa mwisho ulirudi, na hukutangaza kitu. Nikakuona tu unabeba mutungi wa Mama Koleta toka ziwani, wewe mwanaume wa kolezhi, katikati ya wasichana, wakikucheka na kukuita bibi arusi. Nawe unawacheka pia. Jioni ulikaa na mimi nikinywa kasiksi yangu, wewe na maji yako, ukanisikiliza nikisema uongo wangu wa ujana, ule ule unaoujua, ukacheka mahali pake. Nikasema peke yangu: aa, viatu vimekubali muguu.

Kiisha wakaja hao wenzako, njiani kurudi kwao. Wee! Nyumba hii haijalala watu wengi vile tangu mama yako alipokufa. Kila mukeka una mutu, kila mutu ana viatu vinavyonuka, kila asubuhi nyimbo. Niliwaambia munaimba sawa mbuzi waliofungiwa ndani ya mvua, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa ninaamka mapema na kulala macho wazi, nikingoja muanze.

Ile Ijumaa mulifunga. Nikatafuta nyama, nikaichomea upande ule upepo unatoka, makusudi, moshi wote ukaingia dirishani kwenu. Kambale akatoka, macho mekundu, akasimama mbele ya moto wangu.

"Papa, Shetani alimuonyesha Yesu mawe tu. Wewe fundi wa mawe umetuletea nyama kabisa?"

"Shetani hakuwa na jirani mwenye kuchinja."

"Utaiweka mpaka kesho?"

"Ukiniombea."

"Nitakuombea sasa hivi, usiongeze chumvi."

Jioni ya mwisho mukasoma. Mimi nilikaa mulangoni, nikasema ninazuia wezi. Ilikuwa habari ya yule kipofu wa toka tumboni mwa mama, ambaye Yesu alimufungua macho. Kila mutu akataja neno lake. Mumoja akasema "mwanga," mwingine akasema "asubuhi," maneno mazuri ya watu waliosoma. Kiisha Kambale akageuka. "Na Papa pale mulangoni?" Nikasema sina zamu. Akasema kila mwenye masikio ana zamu.

Nikasema, "Mate."

Juu nilisikia vizuri. Yesu alitema mate chini, akafanya tope, akamupaka yule mutu machoni. Kambale alianguka kwenye mukeka kwa kucheka. "Papa amepata kuliko sisi wote!" Wote walicheka. Wewe uliangalia kitabu chako, na sikuelewa kwa nini. Sasa ninaelewa. Ulikuwa umeanza kuwaza habari ya maji yangu, na ulidhani ninakutegea mutego.

Sikiliza vizuri hapa. Jumapili ile uliponikatalia, hilo neno lilikuwa kwenye ulimi wangu. Ningekuambia: Bwana wako mwenyewe alitema mate na mutu akapona, wewe ni nani wa kuogopa ya baba yako? Ungekosa la kujibu. Kwa kukusumbua mimi ni hodari, unajua. Lakini sikulitoa. Sisi wachonga mawe ya volkeno tunajua kwamba jiwe lina upande wake. Ukilipiga mahali si pake linapasuka kweli, ukasikia raha ya kulishinda, na mikononi umebaki na changarawe. Uliloniuliza halikuwa habari ya mate. Uliniuliza ninamwita nani. Lilikuwa swali zuri, na nilikupigia kelele.

Nikakasirika juu ya swali zuri. Muzee mukubwa kama mimi.

Sasa nikusimulie habari za mama yako, habari ambayo hujawahi kuisikia yote. Unakumbuka alikuwa Mukristo kabisa, Veronika, na unajua ni yeye aliyekubeba kwenda kubatizwa ukiwa hujaota meno. Tulipooana aliomba kila jioni kwa sauti, pale karibu na mafiga, na alikuwa na mambo mengi. Mvua, maharagwe, dada yake, muguu wangu, kuku. Mimi nikiwa nimelala nilimwambia: "Veronika, amesikia. Mupunguzie, naye anataka kulala." Alicheka. Mara ya kwanza alicheka kweli. Nikaona nimepata wimbo wangu, nikauimba kila jioni. Akapunguza sauti. Nikaongeza mwingine: "Leo unamunong'oneza? Muna siri na yule Mwanaume?" Akaacha kunong'ona. Ikabaki midomo tu inacheza, bila sauti, na mimi nikageukia ukuta na kulala vizuri. Nilifikiri nimeshinda.

Siku zile za ugonjwa nilikaa karibu naye. Midomo ilikuwa inacheza vile vile. Nikainama, nikaweka sikio. Hakuna. Nikamuuliza, "Unamwambia nini?" Alifungua macho, akaniangalia kama vile alikuwa anakuangalia wewe ukiwa mudogo na umevunja kitu.

Akasema, "Ni mambo yako."

Kiisha hakusema tena.

Mambo yangu! Anselmi, tangu siku ile ninaishi na hilo. Alikuwa ananiombea ao alikuwa ananishitaki? Kama alinishitaki nitamupa haki, lakini ningetaka kujua. Ninapika, ninauliza sufuria. Ninachonga, ninauliza jiwe. Watu wa Birere wanasema muzee yule anachekesha, anazungumza peke yake. Sizungumzi peke yangu. Ninauliza tu, na anayejua jibu alizikwa nalo, juu mimi nilimufundisha kunyamaza.

Basi juzi, nikipiga lile jiwe la Jumapili, nikaona kwamba ninakufanyia wewe jambo lile lile, kwa upande mwingine. Mama yako alificha maneno yake juu nilimucheka. Mimi nimekuficha yangu juu ni desturi, ndiyo, lakini pia juu nilipenda, acha niseme kweli, nilipenda kuwa na kitu kimoja ambacho wewe na Kifaransa chako na vitabu vyako hamukijui. Uliponiuliza ninamwita nani, na sura yako imejaa woga, kuna kamutu kadogo ndani yangu kalifurahi: kumbe bado ninaweza kumuogopesha.

Kwa hiyo ninavunja sharti. Babu yako, kama ananiona, anune tu, alizoea kuninunia.

Ile siku ya kwanza bandarini, nilijaza maji mudomoni. Nilitaka kuita babu yako kama vile nadhani yeye aliita baba yake. Lakini nikafikiri: huyu muzee hakunipenda sana, kwa nini nimujulishe mutoto wangu? Nikamuacha. Sikuita mulima, sikuita ziwa. Wewe ulisimama mbele yangu na masikio yako makubwa, ukingoja, na moyo wangu ulikuwa mutupu sawa mufuko wa katekista. Mimi! Mutu mwenye neno hata kwa maiti. Meli inapiga honi, mashavu yamejaa, na sina kitu.

Halafu nikasema hivi, ndani, bila sauti, na sikubadilisha hata neno:

Wewe ambaye Veronika alikuwa anazungumza naye, mimi sikujui vizuri. Huyu ni wake. Mutunze. Na mimi usinisahau, ninabaki peke yangu.

Basi. Nikapuliza. Hakuna mizimu iliyokuwepo. Walikuwepo wewe, mimi, mama yako, na huyo Mwanaume wake ambaye nilikataza asisumbuliwe jioni.

Ukimuonyesha mupadri karatasi hii nitakana, nitasema ni maandiko ya Kambale. Na usikimbie kupeleka jina langu kwa wanaofundishwa ubatizo. Zamani katekista alinitoa kwenye mafundisho juu nilicheka alipoanguka kwenye benchi, na kama angeanguka tena leo ningecheka tena. Sijui kama nina imani. Ninajua tu kwamba tangu wale wenzako wa kolezhi waende, Alhamisi jioni ninapita kwenye kanisa, ninaegemea ukuta kwa nje. Mawe yale niliyachonga kwa mikono yangu, na sikuwahi kuingia kuona yanakaaje upande wa ndani. Ndani kuna wamama wachache wanaosali kwa sauti ndogo. Mama Koleta alinikuta pale, akauliza ninafanya nini. Nikamwambia ninakagua nyufa.

Kule unakoenda, Kambale amekupa kazi, nilimusikia: uanzishe kundi sawa lile la kolezhi. Sitakufundisha kazi hiyo. Lakini nimefikiri juu yake wakati ninachonga, na nitakuambia nilichofikiri, ukitupe ukitaka. Kuna siku utaweka viti na hakuna atakayekuja. Katika nyumba yenye viti vitupu mimi ni mwalimu, nina digrii. Usihesabu viti. Kaa kwenye kimoja. Na akija mutu mumoja, pengine kijana anayejua kuchekesha, anayedharau kila kitu, anayekuuliza kama Mungu wako bado hajalala, usimufukuze na usimushinde kwa maneno. Huyo usiku anaogopa kuliko wengine. Ninamujua, nimelala naye miaka yote. Muulize neno lake. Akisema hana, mumupokee.

Na siku wewe mwenyewe utakapokosa neno tena, juu utakosa, usione haya kurudi nyuma mpaka mwanzo kama mutoto. Sitakuwa karibu kukuambia "karibu nyumbani" kwa namna ile ya ujinga. Ningetaka niwe karibu nikuambie kwa namna ingine, lakini Katanga ni mbali, na miguu yangu imekatwa na mawe haya mpaka hata ngazi ya mulangoni inaniuliza ninaenda wapi.

Juu ya nyumba usijali. Nitapika kidogo badala ya kingi, nitajifunza. Nitasahau, nitakuita uniletee patasi, kiisha nitakumbuka na kwenda kuichukua mwenyewe. Kasiksi itakaa salama sasa, hakuna Mukristo wa kuimwaga, na ninakuambia ukweli, haitakuwa tamu kama ile niliyokuwa ninakuficha.

Nimeangalia nje. Mulima wa moto umewasha taa yake nyekundu, na bado sikusikii njiani. Wenzako wanakuimbia, bila shaka, sawa wale mbuzi. Nitaweka karatasi hizi juu ya sanduku, chini ya kofia yako, uzione kabla ya kuivaa.

Sasa kesho itakuwa hivi. Nitaamka kabla yako, nitachota maji, nitayatia mudomoni hapa hapa nyumbani, na nitatembea nayo mpaka bandarini nyuma yako. Usinisalimie, sitajibu. Mama Koleta atadhani nimepatwa na ugonjwa, juu hajawahi kuniona kimya, umuambie ni meno. Maneno ni yale yale ya siku ya kwanza. Sina mengine. Sasa unayajua, na unajua yanakwenda kwa nani, kwa hiyo kukubali kwako kutakuwa kukubali na kukataa kwako kutakuwa kukataa.

Ukija karibu ukafungua vifungo vya shati, nitajua. Ukinipa mukono kama Mubelgiji, nitaushika vizuri na sitakasirika. Nitayameza, na Yule atakuwa ameshasikia. Lakini chochote utakachochagua, Anselmi, chagua upesi. Meli ikipiga honi mimi nitacheka ao nitalia, bado sijui, na mudomo ukifunguka kwa moja la hayo mawili, maji yote yataanguka kwenye muchanga.

Mimi baba yako, kesho bubu.